Windows 11: Uhamie Sasa, Usubiri, au Ubaki Ulipo?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya bure kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka tarehe 29 Julai 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika. Asubuhi ya tarehe 15 ziliwaka kama kawaida, zikafungua Word, zikachapisha barua, zikaingia kwenye intaneti. Kwa kuwa hakuna kilichoharibika machoni, wengi wamelichukulia tangazo lile kama kelele za kampuni inayotaka kuuza, wakaendelea na shughuli zao. Nawaelewa. Lakini hatari ya mfumo uliostaafishwa haionekani siku ya kwanza, na mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye kompyuta ndiyo kazi yake: mwenye steshenari, mhasibu wa SACCOS, mwalimu anayetunga mitihani, mwanafunzi aliye katikati ya tasnifu. Mtu ambaye mashine ikigoma Jumatatu asubuhi, hana ya pili.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Usihamie mfumo mpya kwa sababu ni mpya, wala usibaki na wa zamani kwa sababu umeuzoea. Jiulize mambo mawili tu: je, mfumo nilio nao bado unapata viraka vya usalama, na je, kazi yangu itaendelea kufanyika nikishahama? Mengine, kama kitufe cha Start kuhamia katikati au menyu kubadilika sura, utayazoea ndani ya wiki.

Kuhusu viraka inafaa tuelewane vizuri, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa kwenye Windows. Kiraka kikishatoka, wataalamu wa pande zote, wema na wabaya, hukifungua na kukilinganisha na programu ya jana ili wajue ni tundu gani limezibwa. Windows 10 na Windows 11 zimejengwa juu ya msingi mmoja, kwa hiyo tundu linalozibwa kwenye Windows 11 mara nyingi lipo pia kwenye Windows 10. Yaani kila mwezi unaopita, kiraka cha Windows 11 kinawaelekeza wahalifu mahali pa kugonga kwenye Windows 10 isiyozibwa. Programu ya kukinga virusi husaidia, na Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha Defender taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Hata hivyo Defender ni mlinzi wa getini, na kiraka ndicho kitasa cha dirisha la nyuma. Mlinzi hodari hasaidii dirisha likiwa wazi.

Anayedhani natia watu hofu akumbuke Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa tarehe 12 mwezi huo, kikafika zaidi ya nchi 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo ya bitcoin ili kuyafungua. Huko England, angalau taasisi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali na huduma za afya za umma zilivurugika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi hudhani walioumia walikuwa wale wa Windows XP, iliyoachwa na Microsoft Aprili 2014. La hasha: kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unapata viraka vya usalama siku ile. Kiraka kilikuwepo. Wenye mashine hawakukiweka.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kwetu kuzima masasisho ni desturi. Unanunua laptopu, fundi anakuwekea Windows, kisha anakuzimia masasisho “yasile bando”. Nia yake ni njema kabisa. Lakini Windows 11 iliyozimwa masasisho haina usalama wowote kuizidi Windows 10 iliyoachwa. Kama hutaruhusu viraka viingie, usijisumbue kuhama. Utabadilisha sura tu.

Kiraka ni kimoja, toleo jipya ni jingine

Watu huchanganya vitu hivi viwili, na mkanganyiko huo huwagharimu. Kiraka cha kila mwezi huziba matundu. Toleo jipya hubadilisha mfumo wenyewe, huongeza vitu na kuondoa vingine. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na tangu hapo hupata toleo jipya kila mwaka: 24H2 lilianza kutolewa tarehe 1 Oktoba 2024, na 25H2 tarehe 30 Septemba 2025. Kwa Windows 11 za aina ya Home na Pro, kila toleo huhudumiwa miezi 24. Ukitaka kujua uko wapi, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kidogo kitakuonyesha jina la mfumo na toleo lake.

Kiraka usikicheleweshe zaidi ya wiki moja. Toleo jipya, lisubirishe miezi miwili au mitatu, na sababu ipo kwenye kumbukumbu. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lililoitwa 1809. Ndani ya siku chache baadhi ya waliokimbilia kuliweka walikuta nyaraka na picha zao hazipo. Hazikuhamishwa, zilifutwa. Walioathirika ni watu waliokuwa wameelekeza folda zao za Documents au Pictures kwenda diski nyingine, huku baadhi ya mafaili yakibaki kwenye folda ya awali; toleo jipya liliihesabu folda ile kuwa haina kazi, likaiondoa pamoja na vilivyomo. Microsoft ilisimamisha usambazaji mara moja, na toleo lile halikurudi hadi tarehe 13 Novemba. Aliyesubiri wiki sita hakupoteza kitu. Aliyewahi, na hakuwa na nakala, alipoteza picha za harusi.

Hata 24H2 ilianza kwa mikwaruzo: ilizuiwa isiingie kwenye kompyuta zenye baadhi ya diski za SSD na michezo fulani mpaka kasoro zirekebishwe. Kizuizi cha namna hiyo ni kinga kwako. Windows Update ikikuambia kwamba toleo jipya bado halijawa tayari kwa mashine yako, isikilize. Usitafute flashi ya rafiki ili uliingize kwa nguvu.

Kwa mwenye Windows 10, hesabu ya leo si ile ya 2021. Mwaka ule kusubiri kulikuwa busara, maana Windows 10 ilikuwa bado na miaka minne ya viraka. Sasa Windows 11 imeshakomaa na ya zamani imeachwa. Kama mashine yako inakubali na kazi yako inaruhusu, hama. Sioni sababu ya kusubiri zaidi.

Mashine yako inakubali?

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa nitakaa kidogo. Windows 11 inataka RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, mwanzo wa kisasa uitwao UEFI wenye Secure Boot, chipu ya usalama ya TPM toleo 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kigezo cha RAM kwangu ni cha karatasini. Kwa gigabaiti 4 Windows 11 itawaka, lakini ukifungua kivinjari na Excel kwa pamoja utakaa ukiangalia kiduara kikizunguka. Anza na 8.

Prosesa ndiyo inayokwamisha. Kwa Intel Core, kwa ujumla inatakiwa kizazi cha 8 kwenda juu, yaani mashine za mwisho wa 2017 na kuendelea. Namna ya kukijua kizazi ni rahisi. Fungua Settings, ingia System, kisha About, usome mstari wa Processor. Ukikuta i5-6300U, tazama tarakimu inayofuata kistari: 6, hicho ni kizazi cha sita, haikubaliwi. i5-8350U ni kizazi cha nane, inakubaliwa. Ukikuta namba kama i5-10210U au i5-1135G7, soma tarakimu mbili za mwanzo: kizazi cha 10 na cha 11. Kwa prosesa za AMD, Celeron na Pentium usikisie kwa namba. Pakua PC Health Check, programu ndogo ya bure ya Microsoft, nayo itakujibu ndiyo au hapana na kukutajia kinachokosekana.

Sasa jibu la “hapana” lisikuvunje moyo kabla hujaangalia sababu. Kama kinachokosekana ni TPM, huenda chipu ipo ila imezimwa. Kwenye mashine za Intel hujificha ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa jina la PTT, kwenye za AMD huitwa fTPM. Unaingia BIOS, unaiwasha, unahifadhi, basi. Kama tatizo ni Secure Boot, bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, utafute mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, maana yake Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani, na hili limejaa kwenye kompyuta zilizopita mikononi mwa mafundi wetu. Microsoft ina zana iitwayo mbr2gpt inayobadilisha mpangilio wa diski bila kufuta mafaili, kisha unahamisha BIOS kwenda UEFI. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayeijua, na ni kazi ya kulia kwa anayebahatisha. Muulize waziwazi kama ameshawahi kuifanya, na usimkabidhi mashine kabla hujatoa nakala ya vitu vyako.

Leseni nayo ina habari njema. Mwenye Windows 10 halali anapata Windows 11 bure. Na wengi wanayo leseni halali bila kujua: laptopu za ofisini, kama EliteBook, Latitude na ThinkPad, zikitoka kiwandani na Windows 10 Pro huwa na ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya ubao mama. Zikifika madukani kwetu mtu anaweka Windows ya kuvunjwa juu yake, wakati ufunguo wa kweli umelala humo humo ndani. Mwambie fundi aweke Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft, aingize intaneti, halafu aangalie kama itajithibitisha yenyewe. Programu ya kuvunjia leseni hulazimika kupewa ruhusa zote za kompyuta na mara nyingi huagiza Defender izimwe kwanza. Hakuna mlango mpana zaidi ya huo kwa kirusi.

Kazi yako itaendelea?

Hapa mfumo hausaidii kukujibu, ni wewe unayejua. Chukua karatasi uandike kila kitu kinachounganishwa na kompyuta yako na kila programu ambayo usipokuwa nayo siku mbili, wateja wataondoka. Kwa steshenari: printa ya leza, skana, mashine ya kuchapia picha za pasipoti. Kwa mhasibu: Tally au QuickBooks, na toleo gani hasa. Kwa mwenye duka: kisoma msimbo pau, printa ya risiti, programu ya mauzo aliyotengenezewa na kijana mmoja ambaye sasa hapokei simu.

Kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kila kimoja, utafute kama ametoa draiva ya Windows 11. Habari ya kutia moyo ni kwamba draiva nyingi za Windows 10 ya biti 64 hufanya kazi kwenye Windows 11. Tahadhari iko kwa wenye Windows 10 ya biti 32, kwa sababu Windows 11 haina biti 32 kabisa. Printa ya zamani ambayo draiva yake ni ya biti 32 peke yake itabaki kuwa pambo. Programu za biti 32 zenyewe zitaendelea kufunguka. Draiva ndizo zinazogoma. Ukiwa na biti 32 pia hakuna kupandisha juu kwa juu, itabidi kuanza upya kwa flashi.

Ukikuta kimoja kwenye orodha hakina uhakika na kinakulisha, usihame mwezi huu. Mpigie mwenye programu kwanza, upate jibu lake kwa maandishi.

Angalia pia Office. Office 2016 na Office 2019 zilifikia mwisho wa huduma siku ileile ya 14 Oktoba 2025. Zitafunguka kwenye Windows 11, lakini hazipati viraka, na hati za Word zinazotumwa kwa barua pepe ni njia ya siku nyingi ya kuingizia virusi. LibreOffice ni ya bure na inaendelea kuhudumiwa. Kwa barua, mitihani na hesabu za kawaida inatosha. Ijaribu kwanza kwa faili lako gumu kuliko yote, lile la Excel lenye makro, kabla ya kuifuta Office ya zamani.

Kabla ya kubonyeza

Nakala kwanza. Na ninaposema nakala simaanishi kuhamisha vitu kutoka diski C kwenda diski D ya kompyuta hiyohiyo, kwa maana mara nyingi C na D ni vipande viwili vya diski moja na zikifa zinakufa pamoja. Weka kwenye diski ya nje, uichomoe, na yale ambayo hayawezi kupatikana tena yaweke pia mtandaoni. Fungua mafaili machache kutoka kwenye nakala uhakikishe yanafunguka. Usisahau barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya Outlook, manenosiri yaliyo kwenye kivinjari, na data ya Tally au QuickBooks, ambayo mara nyingi haikai kwenye Documents bali kwenye folda yake yenyewe.

La pili linanitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu watu hawaambiwi. Kuanzia 24H2, ukiweka Windows 11 upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, kompyuta nyingi hufunga diski kwa usimbaji bila kukuuliza. Ni kinga nzuri, mwizi akiiba laptopu hasomi kitu. Lakini ufunguo wa kuifungua, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti ile iliyotumika. Sasa fikiria laptopu ambayo fundi aliiwekea Windows kwa barua pepe yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Miezi minane baadaye kompyuta inabadilishiwa kitu kwenye BIOS, inaomba ufunguo, na ufunguo uko kwenye akaunti ya mtu uliyekutana naye mara moja. Bila ufunguo huo mafaili hayarudi, hata ukienda kwa nani. Kwa hiyo fungua akaunti yako mwenyewe, kwa barua pepe na namba ya simu unazozimiliki, keti mbele ya skrini wakati wa kuingia, kisha uingie kwenye akaunti hiyo kupitia simu uone kama ufunguo upo. Uandike kwenye daftari linalokaa mbali na laptopu. Na kama diski yako ya sasa imeshafungwa kwa BitLocker, usimbaji huohuo wa Windows, pata ufunguo kabla hujagusa TPM au Secure Boot.

Bando nalo lina mpango wake. Faili la kuwekea Windows 11 linazidi gigabaiti 5, na baadaye viraka vya mwezi hufika mamia ya megabaiti, pengine zaidi ya gigabaiti moja. Ukiwa na kompyuta kadhaa, pakua mara moja kwa Media Creation Tool ya Microsoft, weka kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, uitumie kwa zote. Kwa viraka, ofisi yenye mtandao wa ndani iwashe Delivery Optimization: kompyuta moja ikipakua, nyingine huchukua kutoka kwake bila kugusa bando tena. Anayetumia intaneti ya simu aitangaze kama metered connection ili Windows isijipakulie mambo makubwa ovyo, halafu mara moja kwa mwezi akae mahali penye Wi-Fi aiache ipakue viraka. Hilo ni bora mara kumi kuliko kuzima masasisho.

Umeme: betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ipandishe saa ambazo umeme wa mtaani kwako hutulia. Usianze Ijumaa jioni yenye kazi ya Jumamosi asubuhi, wala wiki ya mitihani, wala siku za kufunga hesabu za kodi.

Ukishahama na mambo yakaenda kombo, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery, Go back. Mafaili yako yanabaki, ingawa programu ulizoweka baada ya kuhama zitaondoka. Siku 10 ni chache kwa mhasibu anayetaka kuona mwisho wa mwezi unavyokwenda. Unaweza kuzirefusha hadi 60: fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Fanya hivyo siku ya kwanza, kwa sababu zile 10 zikipita Windows huifuta folda ya Windows.old na njia ya kurudi inafungwa. Katika siku hizo chapisha, skani, toa risiti, funga hesabu. Pitia karatasi yako yote.

Kama mashine haikubali

Hawa ni wengi mno kwetu, kwa sababu soko letu ni la laptopu zilizotumika. Ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi utakuta EliteBook 840 G3 na Latitude E7470 zimepangwa, mashine imara za kizazi cha sita ambazo bado zina miaka ya kazi mwilini. Kuzitupa ni dhambi. Kuna njia.

Ya kwanza ni kununua muda. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu binafsi anatakiwa awe na toleo la 22H2 na aingie kwa akaunti ya Microsoft. Halafu achague kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe mtandaoni, ambayo haina malipo, au atumie pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au alipe dola 30. Akaunti moja inabeba hadi kompyuta 10. Ofisi zina mpango wao: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa ofisi ndogo bei hiyo haina maana, heri pesa ziende kwenye mashine nyingine. Lakini shule na vyuo vimewekewa dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Mwalimu mkuu mwenye maabara ya kompyuta 30 alifuatilie hilo kwa muuzaji wa leseni za elimu kabla hajakubali kuambiwa anunue mpya.

Njia ya pili ni Linux, na naipendekeza kwa moyo mmoja kwa anayefanyia kazi zake nyingi ndani ya kivinjari. Linux Mint 22 inahudumiwa hadi 2029, ni bure, na mpangilio wake hauko mbali na Windows aliyoizoea. Barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, mifumo ya kodi ya mtandaoni, YouTube, LibreOffice, vyote vinafanya kazi. Tally na QuickBooks za kompyuta hazifanyi, kwa hiyo mhasibu asiende huko. Mint unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukajaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kuamua. Na kabla ya lolote, kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Hakuna mfumo mpya utakaokupa kasi kama badiliko hilo, na SSD hiyo utahama nayo ukinunua laptopu nyingine inayoipokea.

Ya tatu ni ile ambayo mafundi wengi watakupendekezea: kuingiza Windows 11 kwa kuruka vigezo, kwa flashi iliyotengenezwa kwa programu iitwayo Rufus. Inawezekana, na mara nyingi inatembea. Microsoft yenyewe inasema mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho. Kwa kawaida viraka vya mwezi huingia, lakini toleo jipya la mwaka halijileti lenyewe, utaliingiza kwa mkono kila mara. Kwa laptopu ya nyumbani ya kutazamia filamu, sawa. Kwa kompyuta yenye hesabu za wanachama wa SACCOS, sikubaliani nayo hata kidogo.

Wenye Mac habari yao ni fupi. macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ni ya mwisho kukubali Mac za Intel, na si zote. Kwa desturi Apple huendelea kutoa viraka kwa matoleo mawili yaliyotangulia, hivyo mwenye Mac ya Intel ana muda wa kujipanga bila papara.

Na kama umeamua kununua, nenda dukani ukijua unachokitaka. Usinunue kwa jina la modeli: ThinkPad T480 nyingi ni kizazi cha nane, ila zipo zilizotoka na i5-7300U, na kwa nje zote ni sawa. Mwambie muuzaji aiwashe, ufungue About mwenyewe usome prosesa na RAM, uandike tpm.msc uone kama toleo ni 2.0, kisha uingie Settings, System, Activation usome kama leseni ni halali. Andika na winver. Haya yote hayazidi dakika tano, na muuzaji mkweli hatakukatalia. Ukikuta namba ya prosesa inaanza na 6 au 7, bado unaweza kuichukua, ila mwambie utaiweka Linux na umwombe bei ya mashine ya Linux.